PUA YA PLASTIKI MBELE YA MIZANI

Ndugu Wanachama,

Kila msimu huzuka maneno kwenye mizani. Mnunuzi atia mkono guniani, anusa, asema, "Hizi zina unyevu." Mkulima naye anusa, ajibu, "Zimekauka hizi, zavunjika tak!" Pua mbili, karafuu zile zile. Ndiyo sababu tumeona yafaa tuwape khabari ya pua ya tatu, isiyokuwa ya mtu.

Plastiki yajulikana kuwa haipitishi umeme, na ndiyo maana huvikwa nyaya. Lakini mwaka 1977 mabwana watatu, Hideki Shirakawa wa Japani, Alan MacDiarmid mzaliwa wa New Zealand, na Alan Heeger wa Marekani, walitangaza kuwa utando wa poliasetilini, ulio jamaa ya plastiki, ukipata mvuke wa iodini hupitisha umeme mara mamilioni kuliko kwanza. Kwa kazi hiyo walipewa Tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 2000.

Angalieni hapo: mvuke ndio uliobadilisha umeme. Basi umeme ukibadilika, twajua kuwa mvuke umefika. Siku hizi hutumiwa polipiroli na polianilini, zinazostahamili hewa zaidi. Njia nyengine ni kuchanganya plastiki ya kawaida na masizi laini. Mvuke ukiingia, plastiki hufura kama mchele uliorowekwa, chembe za masizi huachana, na umeme hupungua.

Utando mmoja hautoshi, kwani huitikia mivuke mingi. Hupangwa tando nyingi za namna mbali mbali, na kila harufu huacha alama yake kama unyayo. Harufu ya karafuu zetu khasa ni ya yujenoli, iliyo sehemu kubwa ya mafuta ya karafuu. Karafuu safi na iliyovunda hazitoi mvuke mmoja.

Ila chombo hiki kina aibu mbili. Kwanza, maji yaliyomo hewani hukichanganya, na hewa ya visiwa vyetu ni ya maji maji. Tando nazo huchakaa, hapana budi zipimwe upya mara kwa mara. Pili, na hili ndilo kubwa, mashine haizaliwi na ujuzi. Huonyeshwa: hizi nzuri, hizi mbovu, na asemaye hivyo ni mtu. Basi aliyeifundisha ndiye hakimu.

Rai yetu ni hii. Ikija siku chombo kama hiki kikawekwa mizanini, tusikikatae wala tusikipokee kiholela. Tudai karafuu za kukifundishia zichaguliwe na wakulima na wanunuzi pamoja, na kijaribiwe siku ya mvua na siku ya jua.

Mpaka hapo, dawa ni ile ile: anikeni juu ya majamvi safi, msirundike karafuu mbichi, anueni kabla ya mvua, na makonyo myatenge. Karafuu njema haiogopi pua yo yote.

Wassalaam,
Katibu, kwa niaba ya Kamati