Phantom, MiG na Wazee Waliozirusha

Mwaka 2008, katika studio ya televisheni mjini Ho Chi Minh, Mmarekani mwenye mvi alisimama akimsubiri mtu ambaye hakuwahi kusemezana naye. Alikuwa Dan Cherry, brigedia jenerali mstaafu wa jeshi la anga. Aliyeingia ni Nguyen Hong My, rubani mstaafu wa Vietnam. Walikuwa wamekaribiana mara moja tu maishani, Aprili 16, 1972, katika Vita vya Vietnam, na siku hiyo hawakupeana mikono. Kombora la Cherry liliipiga bawa MiG-21 ya Hong My, naye akajirusha kwa parachuti huku mikono yote miwili imevunjika. Cherry alipita kasi kando ya parachuti ile, akamwona mtu ananing'inia, akaenda zake. Kwa miaka 36 hakujua kama mtu yule alipona.

Kilichowakutanisha ni ndege. Mwaka 2004 Cherry aliikuta F-4 Phantom ileile aliyoirusha siku hiyo, namba 66-7550, imewekwa nje ya klabu ya wanajeshi wastaafu katika mji mdogo wa Enon, Ohio, inapigwa jua na mvua. Ilihamishwa hadi Bowling Green, Kentucky, ikapakwa rangi upya. Ndipo swali likamrudia: yule wa upande wa pili yuko wapi?

Baada ya kukutana, Hong My alimkaribisha nyumbani kwake Hanoi na kumpa mjukuu wake ampakate. Mwaka 2016 kundi la marubani wa Kimarekani lilikwenda Hanoi kukaa na mahasimu wao wa zamani, na mwaka uliofuata Wavietnamu wakarudisha ziara San Diego, ndani ya USS Midway, meli kubwa ya kubebea ndege iliyogeuzwa makumbusho. Marubani wazee wakikutana hivyo, habari za afya na wajukuu haziwachukui muda. Mikono huanza kukatiza hewani, mmoja ukiwa ndege inayofukuza, wa pili inayofukuzwa, na ubishi ukishaanza chai hupoa mezani.

Ubishi wenyewe una mizizi. Phantom iliruka mara ya kwanza mwaka 1958: injini mbili, watu wawili, kasi inayozidi mara mbili ya mwendo wa sauti. Ilikuwa na nguvu za ajabu na moshi mweusi uliomwonyesha adui ilipo kutoka mbali. Lakini matoleo ya kwanza hayakuwa na mzinga. Wabunifu waliamini zama za kufukuzana mikia zimepita, na kwamba rada ingemwona adui mbali na kombora lingemaliza kazi kabla hajaonekana kwa macho.

Anga la Vietnam lilikataa hesabu hiyo. Aprili 4, 1965, karibu na daraja la Thanh Hoa, MiG-17, ndege isiyofikia hata mwendo wa sauti, ziliangusha F-105 mbili za Marekani zenye uwezo wa kwenda mara mbili ya mwendo huo. MiG-17 ilikuwa nyepesi, ilikata kona kali na ilibeba mizinga mitatu. Nguyen Van Bay, kijana wa shamba aliyetajwa kuwa alitoka kwenye baiskeli akaingia moja kwa moja kwenye ndege, anahesabiwa na Vietnam kuwa aliangusha saba akiwa na MiG-17. Upande wa pili, sheria za vita mara nyingi ziliwataka Wamarekani wamtambue adui kwa macho kabla ya kufyatua, hivyo faida ya rada ikapotea. Na makombora yenyewe yalikuwa na kiburi. Sparrow, lile linaloongozwa na rada, lilikosa shabaha mara tisa au zaidi katika kila kumi.

Hapo ndipo wazee wanapogawanyika. Wapo wanaoapa kwamba mzinga ungewaokoa wenzao. Lakini Kanali Robin Olds, bingwa wa Vita vya Pili vya Dunia aliyeongoza Operesheni Bolo ya Januari 2, 1967, iliyoangusha MiG-21 saba bila Marekani kupoteza hata ndege moja, alikataa Phantom zake zifungiwe mizinga ya kuning'iniza chini ya tumbo. Hoja yake ni kwamba vijana wake hawakufunzwa kuitumia. Wakipewa, watashawishika kuifuata MiG kwenye kona na kufia huko.

Jeshi la anga hatimaye liliweka mzinga ndani ya F-4E. Jeshi la wanamaji halikuweka. Badala yake, Machi 1969, lilianzisha shule ya mapigano ya angani, Topgun, huko Miramar, California. Wanamaji waliokuwa wakiangusha ndege mbili na ushei kwa kila moja waliyopoteza wakarudi vitani mwaka 1972 na kuangusha kumi na mbili kwa moja. Wenye mzinga hawakusogea hivyo. Mwandishi wa makala haya hajasikia jibu la kuridhisha kutoka kwa wapenzi wa mzinga kuhusu hesabu hiyo.

Katika mafunzo ya namna hiyo, ndege iliyoigiza MiG-21 ilikuwa F-5, kwa kuwa zinakaribiana kwa umbo na kasi. Afrika Mashariki inazijua zote mbili: F-5 zimehudumu Kenya tangu miaka ya 1970, na MiG-21 zilikuwamo katika majeshi ya Tanzania na Uganda wakati wa Vita vya Kagera.

Sasa ubishi umehamia kwa F-35, ndege ya kivita ya kisasa ya Marekani. Rubani wake huvaa kofia inayomwonyesha picha za kamera zilizozunguka ndege, kiasi cha kuona chini kana kwamba sakafu haipo. Anaruka peke yake tangu safari ya kwanza, maana F-35 ya viti viwili haijatengenezwa. Kwa mzee wa Phantom, aliyezoea sauti ya mwenzake wa nyuma ikimwambia nani yuko mkiani, hilo peke yake ni mada ya mchana mzima. Mwaka 2015 ilipovuja ripoti kwamba F-35 ilizidiwa na F-16 ya zamani katika jaribio la kufukuzana, wazee walicheka. Watetezi wakajibu kwamba ndege hii imeundwa kumwona adui na kumpiga kutoka mbali, asijue kilichompata. Maneno hayo wazee waliyasikia miaka ya 1960.

Ila safari hii wazee wana haki nusu tu. Katika Vita vya Ghuba vya 1991, zaidi ya nusu ya ndege za Iraki zilizoangushwa na Wamarekani angani zilipigwa na Sparrow, mjukuu aliyeboreshwa wa kombora lile lililolaaniwa Vietnam. Hata mwaka 1972 halikuwa bure: lililompiga Hong My lilikuwa Sparrow.

Hong My naye alikuwa na deni lake. Januari 1972, miezi mitatu kabla ya kuangushwa, aliangusha Phantom ya upelelezi, na watu wawili waliokuwamo waliokolewa. Alimwomba Cherry amsaidie kuwatafuta. Mwaka 2009, alipofika Marekani kwa mara ya kwanza, mmoja wao alikuja kuonana naye.