Kamusi Nne na Swali Moja: Kumfunza Mwanafunzi wa Kiswahili Kuitumia Maktaba

Katika shule na vyuo vingi, somo la maktaba huwa ni matembezi. Mwanafunzi mgeni huongozwa kati ya rafu, akaonyeshwa mahali pa magazeti, mahali pa vitabu vya marejeo na meza ya kuazimia, kisha akaambiwa asipige kelele. Baada ya hapo harudi ila mtihani unapokaribia, na arudipo huuchukua mwongozo wa kitabu teule akaunakili. Lawama hutupiwa uvivu wake. Lakini utaratibu huo wa kufundisha ukichunguzwa, huonekana kwamba mwanafunzi huyo hakupewa kamwe swali lililomlazimu kukifungua kitabu cha pili. Makala haya yanakusudia kueleza masomo machache yanayoweza kumpa swali la namna hiyo, na mifano yake imechotwa katika Kiswahili chenyewe.

Somo la kwanza lahitaji kamusi nne. Ya kwanza ni ile ya Ludwig Krapf, iliyochapishwa London mwaka 1882, na ambayo msingi wake ni usemi wa Mombasa na kandokando yake. Ya pili ni kamusi ya Kiswahili kwa Kiingereza ya mwaka 1939 inayojulikana kwa jina la Frederick Johnson, iliyotayarishwa na Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki juu ya msingi wa kamusi ya A. C. Madan ya 1903. Ya tatu ni ya padri Charles Sacleux, ya Kiswahili kwa Kifaransa, nayo ilianza kutoka Paris mwaka huo huo wa 1939. Ya nne ni Kamusi ya Kiswahili Sanifu iliyotungwa na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili, Dar es Salaam, na kutolewa mwaka 1981. Maktaba isiyo na zote yaweza kuanza na mbili, ilimradi ziwe zimepishana miaka mingi.

Darasa hugawanywa katika makundi, na kila kundi hupewa neno moja la Kimvita: jito, mato, kitwa, nti. Mwalimu hasemi maana. Kila kundi hutakiwa kulitafuta neno lake katika kamusi zote na kuandika lilipopatikana, lilivyoelezwa na lilipokosekana. Kundi la neno mato, kwa mfano, halina budi kugundua kwamba neno hilo ndilo macho ya Kiunguja, na kwamba kamusi moja hulitaja kwa ukarimu, nyingine hulifungia katika alama ya lahaja, na nyingine huenda isilitaje kabisa. Hapo ndipo swali lenyewe huzaliwa: kwa nini vitabu vya lugha moja havikubaliani?

Jibu haliko katika kamusi, na kwa hiyo mwanafunzi hulazimika kuhama rafu. Huenda kwenye historia ya usanifishaji, akasoma jinsi mkutano wa mwaka 1928 ulivyoichagua lahaja ya Unguja iwe msingi wa Kiswahili cha vitabu, na jinsi kamati ya lugha ilivyoanza kazi mwaka 1930. (Mkutano huo ulifanyika Mombasa, jambo ambalo wanafunzi wa pwani hawaachi kuliguna.) Hatimaye huelewa kuwa kamusi ni shahidi mwenye mahali pake, mwaka wake na tume iliyomtuma, na kwamba ushahidi wake hupimwa kama wa shahidi mwingine yeyote. Mwanafunzi aliyelielewa hilo hawezi tena kuandika kwamba "kamusi inasema" pasipo kutaja ni kamusi gani.

Namna ya kupanga maneno nayo ni somo. Katika kamusi ya Johnson, nomino nyingi zilizotokana na kitenzi huelezwa chini ya kitenzi hicho, hivi kwamba anayetaka habari kamili za mpishi hana budi kujua kwamba mzizi wake ni pika. Katika Kamusi ya Kiswahili Sanifu, mpishi hutafutwa penye herufi M. Mwalimu akiwapa wanafunzi maneno kumi ya aina hiyo, watafanya mazoezi ya sarufi bila kujua kuwa wanafanya sarufi. Neno kitabu hufaa kuwekwa mwishoni. Asili yake ni Kiarabu, na ile ki- ni sehemu ya neno lenyewe. Lakini Waswahili waliisikia kama kiambishi cha ngeli, wakapata vitabu. Katibu na maktaba hutoka katika mzizi huo huo, na mwanafunzi anayezifuata jamaa hizi katika Sacleux, ambaye alijishughulisha sana na asili za maneno, huona kwamba chumba alichoketi, kitu alichoshika na mwandishi wa kumbukumbu za chama chake ni ndugu wa ukoo mmoja.

Somo la pili ni la rafu, nalo ndilo linalopuuzwa zaidi. Wanafunzi wengi huamini kwamba vitabu vya Kiswahili hukaa pamoja. Katika maktaba inayofuata mpango wa Dewey, lugha ya Kiswahili iko kwenye nambari 496.392 ilhali fasihi yake iko 896.392, pengine upande wa pili wa jengo. Na historia ya Kenya, pamoja na pwani yake, iko 967.62. Mpango wa maktaba ya bunge la Marekani, unaotumiwa na vyuo vikuu vingi, huiweka lugha na fasihi yake karibu pamoja, kuanzia PL8701, lakini historia ya pwani huitupa mbali katika DT. Mtu anayechunguza utenzi wa kidini huenda akahitaji vituo vitatu, na akisimama kwenye kimoja atadhani amemaliza. Zoezi lifaalo ni kumpa mwanafunzi mada moja, tuseme utenzi wa Mwana Kupona, na kumtaka aandike nambari za rafu zote alizozitembelea pamoja na sababu ya kwenda kila mahali.

Katalogi nazo zina mitego. Siku hizi nyingi zimo katika kompyuta, na kompyuta hutafuta kile tu kilichoandikwa. Krapf aliandika Kisuaheli mwaka 1850 na Suahili mwaka 1882. Edward Steere, katika kitabu chake cha 1870, aliandika Swahili. Anayetafuta kwa tahajia moja hukosa vitabu vya tahajia nyingine. Majina ya watu ni taabu zaidi: Shaaban Robert atafutwe penye S na penye R, na washairi wa kale watafutwe kwa jina lao, la baba na la ukoo. Hili halifundishiki kwa kuelezwa. Mwanafunzi huliamini baada ya kukosa kitabu ambacho jirani yake amekipata.

Somo la tatu ni la wanafunzi waliokomaa kidogo. Mashairi ya Muyaka bin Haji, mshairi wa Mombasa, yalitolewa na William Hichens huko Johannesburg mwaka 1940, na mengi yakatolewa tena na Mohamed Hassan Abdulaziz, Nairobi, mwaka 1979, yakiwa na tafsiri na maelezo kwa Kiingereza. Mwanafunzi huchagua shairi lililomo katika vitabu vyote viwili, akayapanga matini mawili ubavu kwa ubavu, mshororo kwa mshororo, na kutia alama kila penye tofauti, hata iwe ya herufi moja. Kisha hujiuliza tofauti hiyo imetokana na nini: mchapaji, mhariri, au msomaji wa hati ya Kiarabu? Njia hiyo humfikisha kwa Mwalimu Sikujua wa Mombasa, aliyemsaidia mmisionari William Taylor kuyakusanya mashairi hayo, na kwa karatasi za Taylor ambazo sasa zimehifadhiwa katika maktaba ya SOAS, London. Si jambo dogo kwa kijana wa Mombasa kutambua kwamba hati za mshairi wa mji wake ziko ng'ambo. Si zote zilizohama, hata hivyo: katalogi aliyoitoa J. W. T. Allen mwaka 1970 yaonyesha wingi wa hati zilizoko katika maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam.

Katika masomo haya yote, namna ya kuandika madondoo yapaswa kusimamiwa kwa ukali. Mwanafunzi asome ukurasa, akifunge kitabu, kisha aandike kwa maneno yake. Akifungue tena ili kuhakikisha, na hapo ndipo aongeze jina la mwandishi, mwaka na ukurasa. Kadi moja ichukue jambo moja. Anayeandika kitabu kikiwa wazi hunakili, hata akiwa hana nia ya kuiba. Na katika kusahihisha, alama zigawanywe: nusu kwa jibu, nusu kwa daftari la utafutaji, ambamo mahali alipokosa pameandikwa sawa na mahali alipopata. Walimu wengine huona ugawaji huo kuwa ni kubembeleza wanafunzi. Lakini anayenakili kazi ya mwenzake hupata jibu kwa wepesi. Daftari la makosa ya mtu mwingine ni gumu kuliiga, kwa kuwa mwalimu aweza kumwuliza alikwendaje rafu ile na alirudi kwa nini.

Zimebaki shule zisizo na maktaba, nazo si chache. Huko mwalimu aweza kuanza na kamusi moja na marundo ya Taifa Leo ya miaka mbalimbali. Wanafunzi huliandama neno kama tarakilishi dhidi ya kompyuta, au runinga dhidi ya televisheni, wakiandika tarehe ya toleo, ukurasa na sentensi nzima. Baadaye huwauliza wazee watatu wa kijiji jinsi waitavyo kitu kile kile, kwa idhini yao, na kuandika mahali na siku ya mazungumzo kwa uangalifu ule ule unaopewa kitabu. Gazeti lisilo na tarehe, hata likiwa na mfano mzuri kuliko yote, huwekwa kando.