Ulegevu wa Meno na Usahihi wa Sekstanti

Sekstanti ni ala ya kupimia pembe iliyopo baina ya jua au nyota na upeo wa macho ili baharia abaini mahali chombo chake kilipo. Licha ya kuenea kwa setilaiti, elimu yake haijafa. Mwaka wa 2015 chuo cha wanamaji cha Marekani kilichoko Annapolis kilirejesha mafunzo ya kusafiri kwa kufuata nyota. Makala haya yanafafanua kasoro moja ya ala hii, yaani ulegevu wa meno, na jinsi ya kuidhibiti.

Chanzo cha kasoro hii ni muundo wa ala yenyewe. Ukingo wa tao la sekstanti ya kisasa umechongwa meno, na mkono wake husogezwa na parafujo inayoshikana na meno hayo. Kwenye kichwa cha parafujo pana ngoma ndogo iliyogawanywa katika dakika 60. Mzunguko wake mmoja hubadilisha kipimo kwa digrii 1. Parafujo ikichakaa, springi ikilegea au uchafu ukiganda kwenye meno, parafujo huanza kucheza. Mpimaji anapogeuza mwelekeo, ngoma huzunguka kidogo kabla ya mkono kusogea. Hivyo basi, namba hubadilika ilhali pembe haijabadilika.

Dakika 1 ya pembe ni sawa na maili 1 ya bahari, yaani mita 1,852. Ulegevu wa dakika 2 waweza kumfanya nahodha aamini kwamba yuko zaidi ya kilomita 3 kutoka mahali alipo hasa. Karibu na miamba, hilo si kosa dogo.

Ili kuupima ulegevu, baharia huweka kipimo karibu na sifuri, akautazama upeo wa macho, kisha akazilinganisha taswira zake mbili kwa kuzungusha ngoma upande wa kulia. Baada ya kusoma kipimo, huzitenganisha na kuzilinganisha tena akizungusha upande wa kushoto. Tofauti ya vipimo hivyo ndiyo ulegevu.

Kusafisha meno kwa brashi laini na kuyatia mafuta mepesi hupunguza tatizo. Hata hivyo, dawa kuu ni kukamilisha kila kipimo kwa kuzungusha ngoma upande uleule. Kwa kufanya hivyo, parafujo hugusa daima ubavu mmoja wa jino. Ulegevu hauondoki, bali hutulia. Aidha, hitilafu ya sifuri ikipimwa kwa mwelekeo huohuo, athari ya ulegevu huwamo katika vipimo vyote viwili, nayo hujifuta hitilafu hiyo inapoondolewa. Mpimaji akipitiliza alama, hana budi kurudi nyuma vya kutosha, kisha aikaribie upya kwa mwelekeo uleule.

Kwa jumla, utaratibu huu hautibu vioo vilivyopinda wala meno yaliyovunjika. Hayo ni ya fundi. Lakini kasoro isiyoweza kuondolewa huweza kudhibitiwa iwapo mpimaji hatabadilisha utaratibu wake.