Filamu Ikiharibika Ukumbini, Lalamika Papo Hapo

Malalamiko tunayopokea kuhusu majumba ya sinema yenye kumbi nyingi jijini Nairobi hufanana: sauti ilikwaruza, picha ikafifia au kiyoyozi kikazimika, naye mtazamaji akavumilia hadi mwisho. Siku ya pili yake ndipo anapotuandikia. Uvumilivu huo humgharimu, kwani ni vigumu kuthibitisha kasoro ambayo hakuna mhudumu aliyeishuhudia.

Kifungu cha 46 cha Katiba ya mwaka 2010 kinampa mtumiaji haki ya kupata huduma yenye ubora unaofaa, na fidia kwa hasara inayotokana na kasoro za huduma hiyo. Kwa hiyo, hitilafu inapotokea, toka umwite mhudumu, kisha umwombe msimamizi aandike saa na nambari ya ukumbi. (Naam, utakosa dakika kadhaa za filamu.) Usitupe tiketi pamoja na pakiti ya bisi, ukiwa ulilipa kwa simu, hifadhi ujumbe wa malipo. Ukipewa tiketi ya siku nyingine badala ya pesa, tazama kwanza muda wake unaisha lini, na uulize kama inakubalika wikendi.

Filamu isiyokupendeza haihesabiwi kuwa kasoro.