Mtoto Anayesemea Puani

Mama mpenzi, siku ya kupima watoto kilo hapa Ndosho, mara nyingi mama husema: "Munganga, mutoto yangu anasemaka mu pua. Benzake banamucheka." Pengine amekaa na neno hilo moyoni miezi mingi, kwa haya. Usione haya. Leo tusemezane juu ya sauti hiyo.

KING'ONG'O NI NINI?

King'ong'o ni sauti inayovuma puani wakati mtu anasema. Hata jina lenyewe linapita puani: king'ong'o, kama vile ng'ombe. Jaribu sasa. Weka vidole viwili kando ya pua yako, useme "mmmmm." Unasikia pua inatetemeka? Sasa sema "aaaaa." Pua inatulia. Maana yake ni hii: nyuma ya kinywa kuna nyama laini inayofanya kazi kama mlango. Ukisema m, n, ny au ng', mlango unafunguka na pumzi inapita puani. Ukisema p, t, k au s, mlango unafungwa na pumzi inatoka kinywani.

SI KILA KING'ONG'O NI UGONJWA

Mtu wa Masisi, wa Butembo na wa Bukavu hawasemi Kiswahili kwa mvumo mmoja. Kila mmoja huleta sauti ya lugha ya nyumbani kwake. Hata Kifaransa cha masomo kina maneno ya puani, kama "bon" na "pain." Hiyo ni lafudhi tu, haina dawa wala haihitaji dawa. Ugonjwa ni pale mlango ule haufunguki, au haufungiki.

MSIKILIZE MTOTO WAKO

Mtoto anayejua kusema, mwambie arudilie maneno haya mawili:

1. "Mama ananunua nanasi." Kama anasema "Baba adadudua dadasi," pua imeziba.

2. "Kaka, peleka kikapu." Hapa hakuna neno la puani. Weka kioo kidogo na baridi chini ya pua yake. Kioo kikipata ukungu na sauti ikivuma, pumzi inavuja puani.

PUA IMEZIBA

Mara nyingi ni mafua tu. Goma kuna baridi, kuna vumbi la mawe ya volkano, na moshi wa makala ndani ya nyumba. Toa jiko nje. Endelea kumnyonyesha. Chemsha maji, yapoe, tia robo ya kijiko cha chai cha chumvi katika kikombe cha robo lita, udondoshee matone 2 katika kila tundu la pua kabla ya kunyonya. Usimtilie mtoto mchanga dawa ya pua ya watu wakubwa.

Lakini kama amepita wiki 2 akikoroma usiku, akilala kinywa wazi, au sikio linatoa usaha, mlete. Pengine nyama za nyuma ya pua zimevimba. Na kama anapumua mbiombio, au kifua kinabonyea ndani anapovuta pumzi, usingoje siku ya kilo. Njoo saa ile ile.

PUMZI INAVUJA

Hapa sababu kubwa ni mpasuko katika dari ya kinywa. Duniani, karibu mtoto 1 kati ya 700 huzaliwa na mpasuko wa mdomo, wa dari ya kinywa, au wa vyote viwili. Si laana, wala si kosa la mama. Mdomo na dari hujengeka katika miezi 3 ya kwanza ya mimba, na pengine pande mbili hazikukutana.

Mpasuko wa mdomo kila mtu anauona. Wa ndani hujificha. Basi mtoto akizaliwa, angalia ndani ya kinywa chake kwa taa ya tochi. Maziwa yakitoka puani kila anaponyonya, ni alama. Mtoto huyu hawezi kuvuta titi vizuri, na hatari yake ya kwanza ni njaa. Mkalishe wima. Kamua maziwa yako, umnyweshe kidogo kidogo kwa kikombe safi na kijiko. Mlete kupimwa kilo kila wiki.

Mpasuko hushonwa. Mdomo huweza kushonwa mtoto akifika miezi 3 hivi na ana nguvu. Dari ya ndani mara nyingi kati ya miezi 9 na 18, ili ajifunze kusema na kinywa kilicho kizima. Mkubwa naye asaidiwa. Uliza munganga akuandikie barua ya hospitali kubwa.

Na kama mtoto aliyesema vizuri anaanza ghafula kusemea puani, na maji anayokunywa yanarudi puani, mlete siku ile ile. Dondakoo, yaani difteria, huweza kulegeza mlango ule. Chanjo ya wiki ya 6, ya 10 na ya 14 inamkinga.

USIKATE KILIMI

Wako watu wanaosema: "Kata kilimi, kikohozi kitaisha." Hapana, mama. Kile kinyama kinachoning'inia nyuma ya kinywa ni sehemu ya mlango ule. Kukikata hakuponyi kikohozi wala sauti. Mtoto anaweza kutoka damu paka kufa, au kupata pepopunda, au UKIMWI kwa wembe mchafu. Na akipona, pengine ndipo king'ong'o kinapoanza.

UKIFIKA KWA MUNGANGA

Sema wazi: "Mtoto ana king'ong'o tangu kuzaliwa." Au: "King'ong'o kimeanza juzi." Au: "King'ong'o kinakuja na mafua tu, kisha kinaisha." Maneno haya matatu yanaonyesha njia tatu mbalimbali.

KUMBUKA

Nyumbani usimwite mtoto kwa jina la sauti yake, na ndugu zake uwakataze. Mtoto anayechekwa hunyamaza. Anayenyamaza hajibu mwalimu. Na asiyejibu huhesabiwa mjinga, kumbe akili yake ni nzima. Msikilize paka amalize neno lake. Kisha mlete.