Chumvi Ndani ya Rili

Mvuvi wa mshipi hana mashine ya kutunza. Uzi wake ameuzungusha kwenye kipande cha ubao, na chambo kikishatiwa katika ndoana, kinachobaki ni mkono wake na riziki aliyoandikiwa na Mola. Lakini, wasomaji wapenzi, siku hizi wapo pia wanaosimama juu ya miamba ya Pwani wakiwa na fimbo na rili. Hao hapana budi wajue kwamba chombo chenye meno na springi hakistahimili chumvi kama ubao.

Mjomba wangu wa Mombasa ni mmoja wao. Vidole vyake vimekakamaa kwa uzee, hawezi tena kuvuta mshipi, na kitoweo cha nyumbani kwake hutegemea rili moja ndogo iliyofunikwa uso, ambayo uzi wake hutokea katika tundu moja tu la mbele. Ikafika siku akawa anazungusha mkono wa rili, uzi haurudi ndani. Akaniletea kwa basi hapa Nairobi, na ujumbe: "Wewe uko kwenye mafundi. Ikishindikana, itupe, nijue moja."

Mimi nakaa Shauri Moyo, ambako si mbali na nyundo za wafua bati wa Kamukunji. Hata hivyo sikuipeleka kwenye nyundo. Baada ya swala ya alasiri niliipeleka Majengo, Pumwani, kwa mzee mmoja fundi wa saa.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Hii ni saa gani tena?"

Swali lake halikuwa mbali na ukweli, kwani rili ya namna hii ilibuniwa na fundi wa saa. Jina lake R. D. Hull, mtu wa Texas, Marekani. Mwaka 1947 alipeleka wazo lake kwa kampuni moja ya mji wa Tulsa iliyokuwa ikitengeneza mabomu ya kutumiwa katika visima vya mafuta, ikiitwa Zero Hour Bomb Company. Rili yake ya kwanza ilianza kutengenezwa 1949, na baadaye kampuni ikajulikana kwa jina fupi la Zebco. Hull alitaka kuondoa udhia wa rili za zamani, ambazo gurudumu lake lilizunguka kwa kasi na kuutatiza uzi. Katika yake gurudumu limetulia, na uzi ndio unaochomoka.

Mzee akatandika kitambaa cheupe. Alizungusha kifuniko cha mbele upande wa kushoto, kikatoka. Ndani mkaonekana kikombe cha chuma chenye pini ndogo ubavuni, na nyuma yake gurudumu la uzi. Kisha akafungua skurubu za nyuma, tukaona magurudumu ya meno. Kila alichokitoa alikipanga kuanzia kulia kwenda kushoto, kama maandishi ya Kiarabu, ili wakati wa kurudisha aanzie mwisho wa mstari.

Hapo siri ikafichuka. Mvuvi akibonyeza kitufe, pini hujificha, uzi ukapita. Akizungusha mkono wa rili, pini hutokeza, ikaukamata uzi na kuuzungusha kwenye gurudumu. Pini ya mjomba ilikuwa imegandishwa na chumvi, na springi yake, nyembamba kama unywele, imeliwa na kutu. Grisi nayo imekauka kama halua ya mwaka juzi.

"Kifuniko huzuia mchanga," alisema mzee, "lakini maji ya chumvi yakishaingia, jua halifiki kuyakausha."

Alisugua vyuma kwa mafuta ya taa na mswaki mkuukuu, akaviosha kwa sabuni na maji baridi, akavifuta. Katika kopo lake la springi kuukuu alijaribu moja, ikawa ngumu, pini ikakataa kurudi. Ya pili ikakubali. Meno aliyapaka grisi kidogo, mhimili akautia tone moja la mafuta, na sahani za breki hakuzigusa kwa mafuta, maana zikiteleza samaki mkubwa hatazuilika. Tulipotia uzi mpya na kuzungusha, ukarudi. Alhamdulillahi.

Malipo aliyoyataka hayakufikia bei ya kilo moja ya changu.

Basi kwa mwenye rili kama hiyo, nasaha ni hii. Kila utokapo baharini, imwagie maji baridi polepole, si kwa nguvu ya mfereji, yasije yakaisukuma chumvi ndani zaidi. Fungua kifuniko, futa, uiache ikauke kivulini. Na ukishaifunga, kibonyeze kitufe mara moja, usikilize pini ikiitika.