Je, Wajua? Uzito Wako Una Namba 5089

Asubuhi za Timau zina baridi kali, upepo ukishuka kutoka Mlima Kenya na kupita mashamba ya ngano. Mama amefika kliniki na koti zito na gambuti za kazini. Nesi anamwomba avivue kabla ya kupanda mizani: kilo 61. Nesi huyu ataandika “uzito”, mwenzake “wt”, wa tatu “kg” tu. Binadamu ataelewa yote. Kompyuta haitaelewa hata moja mpaka ifundishwe kwamba ni kitu kimoja.

OpenMRS, programu huria ya rekodi za wagonjwa, hufanya kazi hiyo, na chimbuko lake ni hapa Kenya. Mwaka 2001 kituo cha afya cha Mosoriot, Nandi, kilianza kuweka rekodi kwenye kompyuta kwa ushirikiano wa vyuo vikuu vya Moi na Indiana. Huduma za virusi vya ukimwi zilipopanuka, mfumo ule ukalemewa. Mwaka 2004 madaktari Paul Biondich na Burke Mamlin wa Taasisi ya Regenstrief walifika Eldoret, wakaona heri kujenga upya.

Moyo wa walichojenga ni kamusi. Hifadhidata ya kawaida hutenga chumba kwa kila swali: cha uzito, cha presha, cha joto. Daktari akitaka kuuliza jambo jipya, sharti fundi aitwe abomoe ukuta. Katika OpenMRS kila kipimo ni mstari mmoja tu: nani, lini, dhana ipi, jibu gani. Dhana hutambuliwa kwa namba. Katika kamusi ya CIEL, iliyoandaliwa na Andrew Kanter wa Chuo Kikuu cha Columbia, joto la mwili ni 5088, uzito ni 5089. Swali jipya huingia kama neno jipya linavyoingia kwenye kamusi. KenyaEMR, mfumo wa Kenya wa rekodi za wagonjwa ulioanza 2012, umejengwa juu ya msingi huo.

Gharama ipo: anayetaka ripoti ya mwaka hukusanya mistari mingi mno na kuipanga upya, na hapo mashine hupunguza mwendo. Naona ni gharama halali. Mama akipewa rufaa kwenda Meru, 61 peke yake yaweza kuwa umri au mapigo ya moyo. Ikiandamana na 5089, ni uzito, popote kamusi hiyo inapotumika. Ila kama asingevua koti na gambuti, kompyuta ingepokea 63 vilevile, chini ya namba ileile.